Mama Alivyochagua Shule kwa Pindo la Joho

Mama yangu ni fundi cherehani. Mtu akija kibarazani kwetu, Mama hamtazami usoni kwanza. Anatazama mshono. Siku moja bwana harusi mtarajiwa alisimama kumsalimia, Mama akamwuliza, "Huo mkono wa kushoto nani kauharibu?"

Shule aliiachia kidato cha pili. Sababu yenyewe ilizaliwa na kilo tatu na nusu, na ndiyo inayokuandikia hadithi hii.

Sasa, mwalimu wa ushonaji wa chuo cha ufundi mtaani kwetu alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu. Mama aliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote.

"Wasichana wanamaliza pale hawajui hata kutia zipu," alisema. "Nipeni mimi lile darasa, muone."

Jumamosi moja alirudi na karatasi ya rangi.

"Nimepata chuo! Stashahada ya mitindo, miezi sita tu. Jumatatu najiandikisha."

"Umekichaguaje?"

"Nimeona majoho yao ya mahafali. Pindo limeshonwa kwa mkono, mwanangu! Watu wa pindo kama lile hawawezi kuwa matapeli."

"Mama, joho halifundishi."

"Nyamaza. Wewe mwenyewe suruali yako inaburuta."

Jioni hiyo jirani yetu alikuja kuchukua shati lake. Ni karani wa usajili katika kile kile chuo cha ufundi. Tunamwita Muhuri, maana hata akila anaonekana kama anakagua fomu. Mama alimwonyesha karatasi.

"Dada, unataka kusomea kushona, au unataka kufundisha kushona?" Muhuri aliuliza.

"Kufundisha."

"Basi anza na kile kinachotakiwa huko. Sisi mwalimu wa ushonaji tunamtaka awe na vyeti viwili. Cheti cha ufundi, na cha kumaliza sekondari. Cha ufundi kile pale ukutani. Cha sekondari?"

Mama akanigeukia mimi, kana kwamba nimekificha.

"Sina, kaka."

"Basi hii stashahada haitakusaidia kwetu. Unachohitaji ni kumaliza sekondari. Halafu, hawa watu wamesajiliwa? Cheti chao nani anakitambua? Masomo ni saa ngapi?"

"Asubuhi mpaka saa tisa."

"Na wateja wako?"

Mama akaitazama cherehani yake.

"Nenda ukaulize kabla hujaandika jina," Muhuri alisema. "Chuo halali hakikasiriki kuulizwa."

Jumatatu tulikwenda. Dada wa mapokezi alitabasamu vizuri sana, mpaka Mama alipouliza namba ya usajili.

"Namba iko njiani, mama."

"Inakuja kwa miguu?" Mama aliuliza. Tukaondoka.

Muhuri akatuelekeza kwenye darasa la sekondari la watu wazima, katika shule ya msingi ya jirani. Mwalimu alitupokea kwa ukarimu. Mama alininong'oneza kwa uchungu, "Koti lake limefumuka kwapani."

"Mama, uliza maswali."

Aliuliza yote. Namba ya usajili ilikuwa imebandikwa mlangoni. Mtihani wao ulikuwa ule ule wa taifa. Masomo yalianza saa kumi na moja jioni, siku nne kwa wiki, hivyo cherehani isingelala. Kisha mwalimu akampima kwa maswali machache, ajue aanzie wapi.

"Lugha uko vizuri," alimwambia. "Hisabati tutaanza chini kabisa. Usione haya."

Mama aliona haya wiki moja. Sehemu zilimtesa, robo na thuluthi, mpaka alipotoa futi yake ya kupimia na kuitandaza mezani.

"Kumbe robo ndiyo hii hii ya kitambaa?" alipiga kelele. "Mbona hamkusema mapema?"

Miaka miwili ikapita hivyo. Mchana alishona, jioni alisoma. Kupika nilijifunza mimi, na familia ilivumilia. Matokeo yalipotoka, Mama alikuwa amefaulu, hisabati ikiwemo. Yule mwalimu wa ushonaji alipostaafu na chuo cha ufundi kikatangaza nafasi, alipeleka vyeti vyake viwili, akaitwa kwenye usaili, akapata kazi.

Siku ya kwanza nilimbebea mzigo wa vitambaa. Alipokanyaga tu darasani, wanafunzi ishirini walisimama.

"Shikamoo, mwalimu!"

Mama akageuka nyuma kuangalia ni mwalimu gani ameingia. Nyuma yake nilikuwa mimi tu.

"Ni wewe, Mama," nikanong'ona. "Itikia."

Akakohoa kidogo.

"Marahaba, wanangu. Kaeni."