Kokoto za Chini ya Jabali

Mwaka wa sabini na tano kijiji chetu cha ujamaa, juu huko upande wa Myamba, kilipata zahanati. Mwenyekiti Hezroni akataka mbele yake pawe na bustani ya maua, yenye ngazi za udongo zilizozuiwa kwa matofali ya saruji, ili akina mama wakalie kingo zake wakisubiri kupimiwa watoto. Fundi Respicius, mtu wa Bukoba, alipima mteremko kwa kamba na vijiti. Mimi nilikuwa nimetolewa darasa la sita ili nimlee Asheri, mtoto wa mama mdogo Ruthi, naye Ruthi aende shamba la kijiji. Nikawa nashinda pale, Asheri mgongoni.

Kokoto zilipoisha, Respicius aliona nyingine nyingi chini ya jabali lililo kando ya kijiji, safi kama zilizooshwa. Akaziagiza.

Bibi yangu alimwendea Mwenyekiti. "Hezroni, pale unapajua. Ndipo walipotupwa vigego, watoto walioota meno ya juu kwanza. Ndugu yako yuko pale."

"Shikamoo, mama," Hezroni akacheka. "Hayo ni ya enzi za machifu. Wageni wa wilaya wanakuja. Watakaa juu ya nini, juu ya hadithi zako?"

Matofali yakafyatuliwa kwa kokoto hizo, yakafunikwa majani ya migomba. Asubuhi tulipofunua, kila tofali lilikuwa na vishimo viwili vidogo ukingoni, kimoja kando ya kingine.

"Panya hao," alisema Respicius.

Bibi aligeuza tofali moja. Chini hapakuwa na alama. Panya hung'ata juu na chini.

Bustani ilijengwa. Wageni walipiga makofi. Kliniki ilipofunguliwa, Ruthi alikaa ukingoni akinyonyesha. Ghafla akashtuka.

"Kaning'ata!"

Nilimtia Asheri kidole kinywani. Ufizi wa chini ulikuwa laini. Juu palikwaruza.

 Tangu hapo majirani waliacha kuja kuomba moto kwetu. Siku moja mchana Hezroni alikuja, akamnong'oneza Ruthi mlangoni.

"Sheria inakataza, mwanangu. Lakini watu hawatalima na mwenye kigego. Mtafutie pa kumpeleka."

"Wapi, Mwenyekiti?"

Hezroni akatazama kule jabalini.

"Pale mlipochota kokoto?" aliuliza Ruthi.

Siku hiyohiyo alimfunga Asheri mgongoni, akapanda lori kuteremka Bendera, huko tambarare kwenye watu wa kila kabila. Huko hakuna anayechungulia kinywa cha mtoto wa mwenzake.

Wiki chache baadaye Bibi alinituma nimpelekee maharage. Dereva wa lori aliniuliza, "Wewe ni ndugu wa yule dada mwenye watoto wengi?"

"Ana mmoja."

"Mmoja?" Akageuza uso barabarani, akakanyaga mafuta.

Nilimkuta Ruthi amekauka. Asheri alikuwa amelala, amenenepa. Blauzi ya mama mdogo ilikuwa na damu kifuani, pande zote mbili.

"Mama mdogo, huyu anakumaliza."

"Asheri ananyonya kidogo tu," alinong'ona. "Ni hawa wengine. Hakuna aliyewahi kuwanyonyesha wakashiba."

Nilitazama chumba. Palikuwa na kitanda. Chungu. Sisi watatu.

"Wafukuze," nikasema.

"Na mimi niwatupe?"

Alifungua kifungo cha blauzi. Asheri bado alikuwa amelala. Nilisikia kitu kikinyonya.

Ruthi hakumaliza mwezi. Tulimzika kulekule Bendera. Hezroni hakuja. Alituma maua ya bustani, yamefungwa vizuri kwa uzi.

Nilibaki nyuma nikitoa vitu vyake chumbani. Nilipovuta kitanda, niliona ukuta. Ulijaa alama za viganja vidogo vya kijivu, vya saruji, kuanzia sakafuni hadi usawa wa godoro. Nilisugua kwa maji. Hazikutoka.

Asheri alikuwa hajaanza kutambaa.