Vikombe Vitano kwa Mpigo Mmoja

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alimlisha ng'ombe wao. Msichana huyu wa miaka kumi na miwili alipewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Alichanganya pumba na kikombe kimoja cha mafuta ya alizeti, kama daktari wa mifugo alivyoagiza.

"Ng'ombe anapocheua hupiga mbweu zenye gesi ya methani, na gesi hiyo huongeza joto duniani," daktari alikuwa amemweleza mama. "Mafuta kidogo huipunguza. Ila kikombe kimoja kwa siku, basi."

Wiki moja kulikuwa na mashindano ya kuruka kamba shuleni. Kwa haraka zake, siku nne mfululizo Chiriku alimwaga pumba tupu na kutimua mbio. Siku ya tano akakumbuka kwamba daktari angekuja jioni kukagua, na dumu la mafuta lilikuwa bado limejaa. Akamimina vikombe vitano kwa mpigo mmoja, akaondoka akijiona mjanja.

Aliporudi mchana, ujanja ulimwishia mlangoni mwa zizi. Ng'ombe aliinamisha kichwa, masikio yamelegea. Alikuwa hali wala hacheui, na kinyesi chake kilikuwa maji matupu. Chiriku akapiga kelele kumwita mama. Maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyowasomesha yeye na mdogo wake, na mwingine hawakuwa naye.

Mama akaja mbio kutoka jikoni. "Huyu amejaa gesi," alisema. "Mshike kichwa, mwanangu. Nitamnywesha mafuta, ndivyo tulivyofanya zamani."

Akajaza chupa. Chiriku alishika kamba. Akisema, atajulikana. Akinyamaza, ng'ombe atakufa mbele yake. Chupa ikafika mdomoni.

"Mama, usimpe. Mafuta ndiyo yaliyomdhuru. Nimempa vikombe vitano."

"Vitano? Kwa nini?"

"Siku nne sikumpa. Niliogopa dumu lingeniumbua."

Mama aliishusha chupa. Kisha akampigia daktari simu.

Daktari alikuja upesi, akasikiliza ubavu wa ng'ombe kwa muda mrefu. "Mafuta mengi yamevilemea vijidudu vya tumboni vinavyosaidia kusaga majani," alisema. "Mpeni nyasi kavu na maji. Mafuta acheni kwanza. Mngemnywesha chupa hiyo, msingekuwa na ng'ombe."

Chiriku hakubanduka zizini mpaka giza lilipoingia. Kila ng'ombe alipohema kwa nguvu, aliinuka kumtazama. Asubuhi alimkuta taya linakwenda upande, polepole. Alikuwa anacheua. Chiriku akalia kwa kwikwi.

Mama akaketi kando yake. "Kusahau hata mimi husahau," alisema. "Lakini wewe ulificha, na mimi kwa kutojua nilikuwa namuua kwa mkono wangu nikidhani namtibu. Ukikosea, mwanangu, niambie mapema, nikiwa bado naweza kukusaidia."