Mstari Wenye Reli

Faili lilikuwa na vifaa arobaini, lakini Msomaji alisema vipo arobaini na kimoja.

Severa aliagiza hesabu irudiwe. Arobaini na kimoja. Akanywa chai iliyokwisha poa, akafungua faili lenyewe na kuhesabu kwa kidole juu ya kioo, mstari mmoja baada ya mwingine, akapata arobaini. Akajiambia ni kosa dogo tu. Makosa madogo ndiyo yaliyokuwa yakimweka mjini mwaka wa sita huu.

Msomaji hakuwa mtu. Ilikuwa maktaba ya programu, yaani kipande kilichoandikwa mara moja ili programu nyingine zikiazime, na Severa ndiye aliyekiandika. Kazi yake ilikuwa kusoma mafaili ya maelekezo: kifaa gani cha mtandao kiangaliwe, kengele ilie lini, nani atumiwe ujumbe. Kampuni yao ilikaa ghorofa ya tano pale Mchafukoge na kuuza intaneti kwa maduka ya Kariakoo, na programu iliyolinda mtandao huo wote haikujua chochote ila kile Msomaji alichoisomea. Mstari ukianza na alama ya reli, ile ile unayobonyeza mwisho ukiangalia salio, Msomaji aliuruka. Kwake ulikuwa kama haupo.

Katika faili lile mstari wenye reli ulikuwa mmoja tu, nje ya ile arobaini. Severa aliujua vizuri, kwa sababu reli aliiweka kwa mkono wake.

Akaomba orodha ya majina. La mwisho kabisa, la arobaini na moja, lilikuwa: chumba-cha-betri. Mbele yake neno moja: kipo.

Ilikuwa Ijumaa adhuhuri, wanaume wamekwenda msikitini, ofisi imebaki na feni na yeye. Umeme ulikuwepo. Jenereta lilikuwa limezimwa tangu juzi. Hata hivyo pua yake ilinasa moshi wa dizeli, mwembamba kwanza, kisha mzito wa kukaa kooni, na alipoinuka kwenda kufungua dirisha akasikia, kutoka juu ya dari, chuma kikigongwa kwenye bomba mara tatu, kikanyamaza kidogo, kikagongwa tena mara tatu, taratibu, kwa subira ya mtu anayejua kwamba aliye chini yupo na anasikia.

Hodi ile ilikuwa ya Bakili. Na Bakili alikuwa amezikwa miezi miwili iliyopita.

Bakili ndiye aliyekuwa fundi wao wa nyaya na antena. Simu hazishiki vizuri kule juu ya paa, kwa hiyo akimaliza kazi aligonga bomba kwa spana mara tatu, na aliye chini akamjibu mara mbili kama mtandao umerudi. Walifanya hivyo miaka yote. Alimwita Severa dada, ingawa mmoja alitoka Kilwa na mwingine Songea, na mkewe Anifa akamwita wifi.

Masika yale Jangwani ilijaa maji na umeme ukakatika kila siku. Katika chumba cha betri, juu ya paa, kulikuwa na kifaa cha kunusa moshi, na kila jenereta lililokuwa karibu nacho lilipowashwa kifaa kile kililia, simu ya Severa ikapokea ujumbe ishirini kwa siku. Alichoka. Siku ya Jumanne akautilia reli mstari wa kifaa hicho, kwa siku mbili tu, mpaka apate nafasi ya kwenda kuangalia moshi unatoka wapi.

Jumatano Bakili alichungulia mlangoni. "Dada, napanda. Nafunga mlango mvua isiingie kwenye betri. Niangalizie."

"Poa," alisema Severa bila kugeuka. "Nakuangalizia."

Bomba la moshi la jenereta lilikuwa limepasuka, moshi ukaingia chumbani. Severa alisikia kugonga. Ilizidi mara tatu, ilikuwa nyingi na ovyo, akadhani jamaa anapigilia msumari. Kengele haikulia, naye aliiamini kengele. Saa tatu baadaye walimkuta amekufa.

Bosi wao, Sadalla, alipouliza nani alijua kwamba marehemu amepanda, Severa alijibu kwa neno moja: "Sikumwona." Ndivyo ripoti ilivyoandikwa. Mlango umefungwa kwa ndani, hakumwambia mtu, na ndugu wa Bakili wakaanza kunong'ona kwamba amejiua. Anifa alikuwa akiulizwa jambo hilo na wakwe zake kila uchao. Severa aliyajua yote hayo. Aliyajua akila, aliyajua akisali, na bado alinyamaza.

Wiki iliyofuata ile Ijumaa ya hodi, kila mtu ofisini alikuwa ameshausikia ule moshi. Sadalla, ambaye kwa kawaida anaogopa wateja tu, alimleta Bi Sitara wa Gerezani, mtoa majini, na chetezo chake na chupa ya marashi. Bi Sitara alifukiza ubani kila pembe. Alipofika kwenye meza ya Severa akaomba wengine watoke.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Una la kuuliza?"

"Ni yeye, bibi? Ni Bakili?"

"Marehemu wenu amelala, mwacheni. Huyu ni jini. Wao hupenda mahali ambapo mwenye kuangalia ameacha kuangalia. Amepakuta patupu, akakaa, akajifunza na hodi ya mwenye mahali." Bi Sitara alishusha sauti. "Moshi wangu utamsukuma tu. Aliyempa nafasi ndiye wa kumwondoa. Kuna mtu umemficha jambo. Nenda ukamwambie kwa mdomo wako."

"Nikishindwa?"

"Atalisema jini mwenyewe. Na akishalisema yeye, hatoki tena."

Severa alitaka kwenda kwa Anifa siku ile ile. Alifika mpaka Msimbazi, akasimama penye mihogo ya kukaanga, akarudi. Badala yake alifungua faili na kufuta reli. Msomaji akasema arobaini na kimoja, mistari arobaini na mmoja, kila kitu sawasawa. Moshi ukapotea. Sadalla akamsifu Bi Sitara kwa kila mteja. Severa akalala usingizi mzuri, akaamka akiuonea aibu usingizi wenyewe.

Siku ya nane baada ya hapo Anifa alikuja ofisini, kajitanda kanga yake ya eda, mkononi ana kitochi, simu ndogo ya marehemu.

"Habari za hapa, wifi."

"Nzuri, wifi. Karibu. Umetoka kwenye eda?"

"Nimeomba ruhusa, nina shida. Hii laini nimeiacha hai, kuna watu bado wanampigia. Sasa tangu Jumatatu zinaingia meseji. Zina jina lako, ndiyo maana nimekuja kwako wewe. Nieleze maana yake."

Severa alikipokea. Ujumbe ulikuwa mmoja, umejirudia mara nyingi: chumba-cha-betri. moshi. Tarehe ilikuwa ya ile Jumatano, saa ilikuwa ile ile. Chini yake: mstari umefungwa na severa.

"Ni mstari gani huo, wifi?" Anifa aliuliza. "Maana kama kulikuwa na moshi, na kuna mtu alikuwa anajua, basi nitawaonyesha wakwe zangu. Waache kumsema mume wangu."

Alikuwa akimtazama kwa imani, na pale ndipo Severa alipopaswa kusema, na maneno yote aliyokuwa ameyapanga njiani Msimbazi yalikuwepo, lakini aliuona uso wa Sadalla nyuma ya kioo, akauona mshahara, akaiona aibu, na mdomo wake ukatoa kitu kingine.

"Ni kompyuta tu, wifi. Tulikuwa tunajaribu mitambo. Haina maana yoyote."

"Haya." Anifa alikichukua kitochi, akakitia kifuani. "Nilidhani."

Juu ya dari bomba likagongwa mara tatu.

Anifa aliinua uso. "Hata nyumbani alipiga hodi hivyo," alisema polepole, na kabla Severa hajamzuia, akagonga meza mara mbili, kama alivyozoea kumjibu. Akafuta macho, akaaga, akatoka.

Kwenye kioo Msomaji alisema arobaini na viwili. Jina la mwisho lilikuwa: nyumba-ya-anifa. Kipo.

Severa alikimbilia ngazi, na moshi ulikuwa umetangulia, unashuka ghorofa baada ya ghorofa nyuma ya ile kanga, naye akaita, sasa ndipo akaita, "Wifi, rudi, nilijua, aliniambia anapanda, wifi, mimi ndiye," lakini chini hakuna aliyegeuka, na aliyemjibu alikuwa karibu naye sana, kwa sauti ya Bakili, ya upole kabisa.

"Poa, dada. Huyu nitamwangalia mimi."