Ufadhili Uliotaka Cheti cha Ndoa

"Zima mashine! Nimepata! Zima hiyo mashine!"

Fundi seremala alizima msumeno wa umeme. Mchumba wake alikuwa mlangoni mwa karakana, anahema kama aliyefukuzwa na mbwa, simu mkononi.

"Umepata nini, Profesa?"

"Ufadhili wa serikali! Uzamivu wangu unalipiwa wote!"

Akamrukia shingoni bila kujali vumbi la mbao. Profesa lilikuwa jina la utani tu. Alikuwa mwanafunzi anayeitafuta shahada ya uzamivu kwa jasho lake, akichunguza bungua, wale wadudu wanaotoboa mbao. Ndivyo walivyokutana: alikuja kuomba vipande vilivyotobolewa, akarudi kesho yake, akarudi tena, mpaka mafundi wa jirani wakaanza kukonyezana.

"Sikiliza! Natakiwa nichague njia moja kati ya mbili, mwisho Ijumaa saa tisa alasiri. Ya kwanza, miaka minne nje ya nchi, kila kitu juu yao. Ya pili, nasomea hapa hapa, ada na posho wanatoa, na kila mwaka naenda maabara ya nje miezi miwili."

"Wewe unataka ipi?"

"Ya kwanza! Tena unaruhusiwa kwenda na mwenza, wanamlipia mpaka tiketi. Wanachotaka ni cheti cha ndoa tu. Nimeshauliza kwa msajili, Ijumaa asubuhi ana nafasi. Tuoane!"

Fundi alikaa kwenye benchi. Tabasamu lilimtoka.

"Nimekuomba tuoane mara tatu. Zote ukasema umalize masomo kwanza. Leo serikali imeomba mara moja tu, umekubali."

"Sio hivyo, mpenzi."

"Wasingetaka cheti, ungekuja hapa mbio hivi?"

Profesa aliitazama simu yake kwanza, kisha ndipo akamtazama yeye. Hilo ndilo lililomchoma Fundi.

"Basi nenda salama. Mimi si kiambatanisho cha fomu."

Jumatano ujumbe uliingia: "Umesema kweli. Nisamehe." Fundi aliusoma mara kumi asijibu. Alhamisi dada yake mkubwa, nesi asiyejua kubembeleza mtu, alimkuta ameikodolea simu macho.

"Umemjibu nini?"

"Sijamjibu. Dada, anataka tiketi yule."

"Wewe! Umemtaka miaka yote hiyo, sasa unachagua na namna ya kutakwa? Mtu anayetaka tiketi tu angeondoka peke yake, tena angebaki na nafasi ya mizigo!"

Fundi alitaka kubisha, akajikuta anacheka. Usiku mzima hakulala vizuri.

Ijumaa asubuhi alivaa shati jeupe, akachukua cheti chake cha kuzaliwa, akapiga simu. Haikupokelewa. Akampigia mama mkwe mtarajiwa.

"Shikamoo, mama. Profesa yuko wapi?"

"Marahaba, baba. Ameenda ofisi ya ufadhili kupeleka fomu."

Fundi alitoka mbio. Alipoingia, Profesa alikuwa ndiyo kwanza anageuka kutoka dirishani.

"Usipeleke! Cheti changu cha kuzaliwa hiki hapa! Twende kwa msajili, saa nne tu sasa hivi!"

Foleni nzima iligeuka.

"Nimeshapeleka," Profesa alisema.

"Ipi?"

"Ya pili. Nasomea hapa."

Fundi alikishusha cheti. "Kwa sababu yangu? Usinibebeshe mzigo huo, tafadhali."

"Jana nilikaa na msimamizi wangu. Akaniuliza, hao bungua wako wanaishi wapi? Nikaona aibu. Wako kwenye mbao za hapa! Nilisikia 'nje ya nchi' nikapofuka."

"Kwa hiyo cheti cha ndoa hakitakiwi tena."

"Hakitakiwi. Fomu hii haijauliza hata kama nina mume." Akavuta pumzi. "Ndiyo maana naweza kukuomba sasa. Mara zote tatu nilikataa kwa woga. Mama aliacha chuo alipoolewa, nikadhani na mimi yatanikuta. Lakini juzi nilitazama meza yangu ya kazi. Masanduku yote ya wadudu umenitengenezea wewe. Nilikuwa namwogopa mtu anayenisukuma mbele. Nioe, Fundi. Serikali haimo katika hili."

Fundi alikuwa bado anakikunja cheti chake. Mama wa dirishani, karani aliyepokea fomu, akagonga kioo.

"Jibu, kaka! Foleni imesimama kwa ajili yako!"

"Nakubali!" Fundi alipiga kelele, akamwinua mchumba wake juu juu, makaratasi yakatawanyika sakafuni. Watu wakapiga makofi, hata mzee mmoja aliyekuwa akilalamikia foleni.

Bado ameshikiliwa kiunoni, Profesa alimpigia mama yake, akaweka sauti kubwa.

"Mama, kaa chini."

"Wamekunyima?"

"Wamenipa! Na tunaoana Jumamosi ijayo!"

 Upande wa pili ikaja sauti ndogo, ya tahadhari:

"Na masomo, mwanangu?"

"Yanaendelea, Mama. Siachi hata kimoja."

"Kweli, baba?" Mama alimuuliza Fundi.

"Kweli, mama. Akitaka kuacha, mimi ndiye nitakayekuja kumshitaki kwako."

Simu ililipuka vigelegele. Mama wa dirishani akavipokea, kisha wanawake wa kwenye foleni, mmoja baada ya mwingine, mpaka mlinzi akaja mbio kuuliza nani amepewa nini.