Tiketi ya Kwenda Santa Fe

Kila siku Kethia akitoka shule, kazi yake ya kwanza ilikuwa kumsomea bibi yake barua. Bibi Marie-Goretti alitoka Burundi, akaishi kwenye kambi ya wakimbizi miaka mingi, na Kiingereza kilikuwa kimemgomea kabisa. Baba na mama walishinda kazini, kwa hiyo hapo nyumbani Grand Prairie, Texas, msomaji alikuwa Kethia, msichana wa miaka kumi na miwili, naye alijiona mkubwa kwelikweli.

Jumatatu hiyo alimkatia bibi tiketi ya basi kwenye simu. Bibi alikuwa anakwenda Santa Fe, mji mdogo upande wa Houston, kumwona dada yake Apolonia. Hawakuwa wameonana kwa miaka kumi na minne.

"Umeangalia vizuri?" bibi aliuliza.

"Yeah, Bibi, nimesha-check," Kethia alijibu bila kuinua uso. Hakuwa ameangalia chochote. Alitaka kurudi kwenye mchezo wake.

Alhamisi mwalimu alitundika ramani ya dunia. Santa Fe, alisema, ni Kihispania, maana yake imani takatifu. Wahispania walilisambaza jina hilo kila walikokwenda: iko Santa Fe ya Ajentina, ya Ufilipino, ya New Mexico, na hata hapa Texas. Kethia alikumbuka kwamba alibonyeza jina la kwanza aliloona, na chini yake paliandikwa New Mexico.

Alipofika nyumbani alimkuta bibi akimfungia dada yake ndagala, wale dagaa wakavu wa kwao. Alikuwa akiimba. Kethia alitamani ardhi immeze.

"Bibi, nilikudanganya. Sikuangalia. Basi lile linakwenda Santa Fe ya mbali, na Bibi Apolonia hayuko huko."

Bibi aliketi polepole. "Ningeshuka pale, nimuulize nani?"

Kethia alilia sana. Baba aliporudi alimkabidhi simu. "Umeharibu wewe, utatengeneza wewe." Kethia aliongea na ofisi ya mabasi, akasoma mji na jimbo kwa sauti mara mbili. Tiketi ikabadilishwa.

Jumamosi jioni simu ililia. Kwanza zilisikika sauti mbili za wazee wakilia na kucheka pamoja. Kisha bibi akasema:

"Nimefika, mjukuu wangu. Kukosea si kitu, hata mimi nakosea. Lakini hapa Amerika mimi nasoma kwa macho yako. Ukisema umeona na hukuona, kipofu ni mimi."