Koki ya Kushoto

Waya alitoka kwenda kuzima pasi ya kulehemu, basi, hakuna kingine. Jua lilikuwa linazama na mama yake alikuwa amemfokea kutoka jikoni, "Wewe! Umeacha kitu chako kinaungua tena bandani. Siku moja utatuchoma wote!"

Mtu mzima, fundi redio mwenye wateja wake, na bado anakimbizwa na mama kama mtoto. Mtaa mzima ulimwita Waya kwa sababu hakuna mfuko wake uliokosa kipande cha waya. Mdogo wake walimwita Rubani, kwanza kwa kumcheka, maana nani mwenye akili timamu anaunda ndege nyuma ya nyumba ya mama yake? Lakini Rubani alisomea kurusha, akapata leseni, na sasa ndege ilikuwa imesimama bandani na mabawa yake, na viti viwili, na injini isiyo na kasoro. Kilichobaki ni dashibodi. Hiyo ilikuwa kazi ya Waya.

Na Waya hakuwa mtu wa kulipua kazi. Kabla ya kutoboa bati aliweka kwanza kadibodi mahali pake. Rubani anakaa, anafunga mkanda, anafumba macho. Waya anataja kitu: pampu, redio, koki ya mafuta, ile ya kuhamisha injini kutoka tangi moja kwenda la pili. Mkono uende wenyewe. Unapogusa, hapo ndipo penseli inapoweka alama. Moshi ukijaa humo ndani, alikuwa akisema, macho hayatakusaidia kitu, ni mkono tu. Huyo alikuwa mdogo wake wa pekee. Alikuwa akilala na ile dashibodi kichwani na kuamka nayo.

Bandani giza lilikuwa limeanza kuingia. Pasi ilikuwa ya baridi. Haikuwa hata imechomekwa.

Lakini harufu ilikuwepo. Petroli... na udongo mbichi.

Halafu akamwona Rubani kwenye kiti. Kichwa kimeinama, mkanda umefungwa, macho yamefumbwa.

"Kumbe umesharudi," Waya akasema. "Hata salamu hakuna, bwana?"

Akachukua penseli.

"Haya, kama umenuna shauri yako. Pampu."

Mkono ukanyooka, ukagusa. Waya akainama na penseli, akaweka alama.

"Redio."

Ukagusa.

"Koki."

Mkono ukaenda kushoto, chini kabisa, pembeni ambako hawakuwahi kufikiria kuweka kitu chochote. Waya akacheka. "Huko? Haya, ndege ni yako." Alipoweka alama, kidole chake kiligusana na kile kingine.

Kilikuwa cha baridi. Ukuchani kulikuwa na tope.

Kisha mkono ukaanza kwenda bila kuitwa. Koki. Pampu. Koki. Redio. Koki... koki... koki. Kwa pupa, kucha zikikwaruza kadibodi. Krrr... krrr... Na nyuma yake, juu ya meza, ile geji ya kimo, ya kuonyesha ndege iko juu kiasi gani, waliyoinunua kwa muuza vyuma chakavu ikaanza kulia. Tik... tik... tik... Waya akageuka. Mshale ulikuwa unashuka. Jamani, meza inashuka kwenda wapi?

Simu ikaita mfukoni.

"Kaka, usinisubiri," ilikuwa sauti ya Rubani. "Gari limetufia njiani huku. Kaka? Unanisikia?"

Mshale ukagota sifuri.

Waya akageuza shingo polepole.

Kiti kilikuwa kitupu.

Mkanda ulikuwa bado umefungwa.

Kulipokucha, Waya alikuwa mteja wa kwanza kwa muuza vyuma chakavu. Akaiweka geji mbele yake. "Hii ilitoka wapi? Niambie ukweli."

Yule bwana akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Kwenye ndege iliyoanguka, Waya. Mwenyewe aliiunda, kama nyinyi. Siku chache kabla alikuwa amehamisha koki, akaitoa kushoto, akaiweka kulia. Injini ilipozima, mkono ukaenda kwenye mazoea. Tangi la pili lilikuwa limejaa pomoni. Walimkuta kucha zimeng'oka kwa kukwaruza bati."

Waya akamwachia geji yake, akaondoka bila kuaga.

Jioni Rubani alikaa kwenye kiti, akafumba macho. Waya alikuwa amegeuza kadibodi upande safi. "Koki," akasema. Mkono wa Rubani ukaenda kulia.

Waya hakupata usingizi. Alizunguka ua, akarudi, akazunguka tena, mpaka mama akamuuliza kama tumbo linamsumbua. Mwisho akaamua. Kama yule marehemu bado yuko humo ndegeni, alijiambia, basi na aikute koki yake. Akiikuta atatulia, atamwacha mdogo wangu. Akatoboa bati kushoto.

"Mbona huku, kaka?" Rubani akauliza.

"Niamini tu."

Na Rubani akaamini, bila neno la pili. Hilo ndilo lililomuuma Waya.

Siku ya kurusha, mama, aliyeahidiwa kupandishwa baada ya jaribio la kwanza, alivaa gauni lake la sherehe na kusimama kwenye nyasi kama bibi harusi. Ndege ikapaa, watu wakapiga vigelegele. Ikazunguka mara moja. Kisha injini ikakohoa...

Ikanyamaza.

Mama akamshika Waya mkono kwa nguvu. Ndege ilikuwa inashuka, inashuka, na ghafla injini ikanguruma tena. Mama akaangua kilio cha furaha. Ndege ikatua, ikaja mpaka mbele yao, propela bado inazunguka.

Waya alikimbia. Rubani alikuwa amekaa wima, macho yamefumbwa, mkono wa kushoto uko kwenye koki.

"Mkono wangu ulikuwa unaenda kulia," akanong'ona. "Kuna mkono mwingine, kaka... ukauvuta."

Machozi yalimtoka Waya. Amemwokoa! Yule maskini amemwokoa mdogo wake. "Imekwisha," akasema. "Fumbua macho. Fungua mkanda, tushuke."

Rubani hakufungua.

"Zamu yangu!" Mama alikuwa ameshapanda upande wa pili, anacheka, anajifunga mkanda wake.

"Mama, shuka!"

"Shuka nini? Niliahidiwa!"

Harufu ya udongo mbichi ikampiga Waya puani. Akapeleka mkono haraka kwenye swichi ya kuzima injini. Mkono wa Rubani ukamwahi, ukamkamata kifundo.

Ulikuwa wa baridi.

"Bado," Rubani akasema, kwa sauti ambayo Waya hakuwahi kuisikia. "Bado hatujafika chini."