Bado, Ndugu

Jioni ile nilirudi kutoka kazini nimechoka mpaka kofia ilikuwa nzito, na choo bado kilikuwa kinavuja.

Mimi ni karani. Najua mashine ya kuandika, sijui spana. Lakini kesho yake asubuhi wazungu watatu wa tume walikuwa wanakuja nyumbani kwetu, hapa katika mtaa uitwao Kenya, kuona kama tunastahili karte, kile cheti cha Mwafrika "aliyestaarabika". Wanafungua kabati, wanahesabu uma, wanavuta mnyororo wa choo. Bila karte, binti yetu Mwape, mwenye miaka mitano, asingeingia shule niliyomtakia. Na fundi alisema angekuja Jumatatu.

Nikaazima spana kwa mzee Ngosa, jirani aliyechimba mitaro ya mabomba haya enzi za ujana wake. Nikakata kipande cha mpira wa baiskeli, nikapanda kiti chini ya tangi la choo. Mke wangu Delphine akaenda nje, kwenye shimo la robine, ile koki kubwa ya bomba kando ya barabara, awe anafunga na kufungua maji. Tulipatana hivi: yeye anauliza, mimi najibu.

"Imeisha?"

"Bado."

Nikakaza nati. Maji yakanimwagikia hadi kwapani.

"Imeisha?"

"Bado, mama. Funga tena."

Sijui tuliulizana mara ngapi. Giza likaingia. Nilikuwa nimekasirikia tangi, nimekasirikia wazungu, na mimi mwenyewe sikujisaza. Harufu ya udongo mbichi ikapita dirishani, kama mtu anachimba. Sikuijali. Mtu aliyechoka hana pua.

Kisha matone yakakoma...

"Imeisha?"

"Imeisha," nikasema, nikamshukuru Mungu.

Sauti ikanong'ona, karibu zaidi: "Huku iko giza. Unitumie mutoto na lampe."

Nikamwita Mwape, nikampa taa, nikamwambia ampelekee mama yake. Sikufikiri hata kidogo.

Nilikuwa nafuta sakafu Delphine alipoingia kwa mlango wa jikoni, sabuni mkononi.

"Mwape iko wapi?"

"Si nilimutuma kwako, na lampe."

"Kwangu? Miye nilikuwa kwa ba Ngosa, kuomba sabuni. Nilitoka kule kwa shimo kitambo."

Nikakimbia.

Mwape alikuwa amepiga magoti kando ya shimo. Taa imezimika. Mkono wake mmoja ulikuwa ndani, umenyooka, kama mtoto anayevushwa barabara na mtu mzima. Nikamvuta. Hakuja mara moja. Alipokuja, mkono ulikuwa na tope jekundu hadi kiwikoni.

Shimo lile lina sakafu ya saruji. Kavu.

Mzee Ngosa alisimama langoni kwake, hakukaribia. Alisimulia polepole kwamba walipochimba mtaro huo, jioni kama hii, udongo ulimwangukia mwenzao. Aliita kutoka chini. Wao wakadhani anauliza kama kazi imeisha.

"Tulimujibu bado," akasema. "Mayi ikivuja, ule wa chini iko na kazi. Ikikauka, anatafuta mwenzake."

Mimi ni Mkatoliki, nikamwambia hayo ni maneno ya wazee. Nikaingia ndani na mtoto kifuani, nikafunga mlango.

"Imeisha?"

Ilitoka kwenye bomba. Delphine alikuwa mbele yangu, midomo ameifumba. Mwape akafungua mdomo ajibu. Nikamziba kwa kiganja.

Nikapanda kiti, nikailegeza nati kwa mkono wangu mwenyewe. Maji yakaanza tena, tone kwa tone.

"Bado," nikasema. "Bado, ndugu."

Asubuhi tume ilikuta ndoo chini ya tangi na mimi nimelala nimeegemea ukuta. Mmoja aliandika neno moja tu. Karte hatukupata. Mwape anasoma shule ya hapa hapa mtaani, na kila nikimwona anarudi na kibao chake nafurahi kuliko ningefurahia karte kumi.

Huu ni mwaka wa tatu namwaga ndoo ile, usiku na alfajiri. Delphine hanilaumu, anapokea zamu. Tumechoka, sifichi.

Tangu Jumapili matone yanapungua.

Nati sijaigusa.